Namna ya kumsoma mtu wa usasa bila kumwandikia sifa tano

Aliyesoma fasihi sekondari anaujua mtindo huu. Unaandika jina la mhusika, unapiga mstari chini yake, kisha unashusha sifa: ni mchapakazi, ni mtiifu, ana mapenzi ya dhati kwa familia yake. Kila sifa na mfano wake. Kwa Adili wa Shaaban Robert njia hii inafanya kazi vizuri, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alimuumba mtu wake hivyo. Nduguze wanaitwa Hasidi na Mwivu, na ukishasikia majina hayo umeshajua nusu ya watakayoyatenda.

Sasa ijaribu njia hiyohiyo kwa Gregor Samsa, yule mchuuzi wa vitambaa wa Franz Kafka aliyeamka asubuhi akajikuta amegeuka mdudu. Ni mchapakazi? Ndiyo. Ni mtiifu? Mno. Anaipenda familia yake? Anaitumikia hadi inamuua. Sifa zote tatu zimepatikana, mifano ipo, na bado hujagusa kitu chochote cha maana katika hadithi ile.

Mwongozo huu ni wa msomaji aliyefika hapo akakwama. Nikisema usasa nina maana ya maandishi yaliyotoka Ulaya na Marekani katika miongo mitatu minne ya mwanzo wa karne ya 20, pamoja na ndugu zake wa Kiswahili waliozaliwa baadaye, ambao nitawafikia mwishoni. Waandishi hao waliacha kuamini kwamba mtu ni furushi la sifa linaloweza kufunguliwa na kuhesabiwa. Mwandishi Mwingereza Virginia Woolf alisema mwaka 1924, nusu kwa utani, kwamba tabia ya binadamu ilibadilika mnamo Desemba 1910. Utani huo ulikuwa na mguu wa kusimamia, kwani majira hayo London kulikuwa na maonyesho ya picha za akina Cézanne, Gauguin na Van Gogh, na watu walitoka humo wengine wakicheka, wengine wamekasirika. Mchoraji ameacha kukuchorea tufaha lilivyo. Anakuchorea namna jicho linavyohangaika kuliona.

Hatua ya kwanza: chagua kitabu chembamba

Usianze na Ulysses ya James Joyce. Najua ndiyo inayotajwa kila mahali. Ilitoka Paris tarehe 2 Februari 1922, inasimulia siku moja tu ya Dublin, 16 Juni 1904, na sura yake ya mwisho inatiririka kurasa nyingi karibu bila alama za uandishi. Iache kwanza. Wengi walioanza nayo ndio hao wanaokwambia usasa ni fasihi ya watu wa kujitia ujuaji.

Anza na Die Verwandlung ya Kafka, iliyochapishwa 1915. Jina hilo ni Kijerumani na maana yake ni mageuko. Inasomeka jioni mbili. Kisha chukua Mrs Dalloway ya Woolf, ya mwaka 1925, uipe wiki nzima. Matini zote mbili zinapatikana kwa Kiingereza bila malipo katika maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Weka penseli karibu, au kama unasomea kwenye simu, weka daftari. Bila kuandika pembeni, mbinu zote zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya pili: tafuta saa, halafu tafuta mshahara

Soma kurasa tano za kwanza za Kafka ukiwa na swali moja tu: mtu huyu anahangaikia nini?

Ungedhani anahangaikia kugeuka mdudu. Wapi! Gregor analala chali, miguu myembamba mingi inapapatika mbele ya macho yake, naye anaitazama saa ya kengele. Aliitega saa kumi alfajiri. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu na mshale unasogea. Treni ya saa kumi na moja imemwacha. Inayofuata ni ya saa moja, na hata akiiwahi, tarishi wa kampuni alikuwa akimsubiri kwenye ile ya kwanza na bila shaka ameshapeleka habari. Akisema anaumwa? Katika miaka mitano ya kazi hajawahi kuumwa hata siku moja, watamshuku. Na kweli, haijapita robo saa baada ya saa moja, karani mkuu anabisha hodi nyumbani kuja kuuliza kulikoni.

Piga mstari chini ya kila saa inayotajwa na kila mahali panapotajwa pesa. Utagundua kwamba wazazi wa Gregor wana deni kwa bosi wake, na kwamba yeye amepiga hesabu ya miaka mitano au sita mingine ya kulilipa. Utagundua pia kwamba alipanga kumlipia dada yake Grete masomo ya fidla. Ukimaliza kupiga mistari, hadithi ya mtu kugeuka mdudu inaanza kuonekana upande wake wa pili: mtu huyu alikuwa amekwishageuzwa kabla ya usiku ule. Alikuwa ratiba ya treni yenye suruali. Gamba limekuja kuthibitisha tu.

Kafka hakuyaokota haya vitabuni. Alisomea sheria, na tangu 1908 hadi 1922 alifanya kazi Praha katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kuandika juu ya watu waliokatwa vidole na mashine na kupimiwa thamani ya kidole kilichokatika. Mchana faili, usiku hadithi.

Jambo moja la kuzingatia hapa: usipoteze muda kubishana ni mdudu gani. Mende? Tandu? Neno alilotumia Kafka kwa Kijerumani halitaji aina, na kitabu kilipokuwa kinakwenda mitamboni alimwandikia mchapishaji kuomba mdudu yule asichorwe kabisa kwenye jalada. Wachapishaji wengi wa leo wamempuuza.

Hatua ya tatu: uliza kila sentensi, wewe ni ya nani?

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo zaidi, maana hapa ndipo wasomaji wengi wanapoanguka na kudhani kosa ni lao.

Linganisha namna tatu za kumweleza mtu mmoja. Nimezitunga mwenyewe kwa ajili ya zoezi.

Namna ya kwanza: Asha alikuwa mwanamke mwenye wasiwasi mwingi juu ya mumewe.

Namna ya pili: Asha aliitazama saa. Alijiuliza kama mumewe angerudi.

Namna ya tatu: Asha aliitazama saa. Angerudi kweli? Na mvua hii? Juzi alisema foleni, na juzi hapakuwa na foleni.

Katika namna ya kwanza msimulizi amekaa juu ya paa, anamwona Asha mzima na kumpa cheti cha tabia. Katika ya pili amesogea dirishani, lakini bado ni yeye anayesema "alijiuliza". Katika ya tatu msimulizi ameingia ndani, kakaa kimya, na maneno ni ya Asha mwenyewe ingawa hakuna "mimi" wala alama za kunukuu. Hakuna aliyetuambia kwamba Asha ana wasiwasi, wala kwamba ameanza kumshuku mume. Tumeusikia ule mchezo wa kichwa chake ukizunguka juu ya neno moja, foleni.

Woolf anaandika karibu kitabu kizima kwa namna ya tatu, na ana ukorofi mmoja wa ziada: anahama kutoka kichwa hadi kichwa bila kugonga mlango. Clarissa Dalloway anatembea kwenda kununua maua ya karamu yake ya jioni. Mara tunamtazama kwa macho ya jirani anayempita, mara tumerudi ndani yake, mara tuko kijijini Bourton ambako alikuwa msichana wa miaka kumi na minane akifungua madirisha makubwa kuuelekea ubaridi wa asubuhi. Yote haya kabla hajavuka barabara. Kitabu hakina sura hata moja ya kupumzikia.

Nilikiacha mara mbili. Mara ya tatu nilifanya jambo la kijinga lililonisaidia: nilichukua aya moja nikaitafsiri kwa Kiswahili kwa mkono. Kiswahili chetu hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Akafikiri", nani? "Akamwona", nani kamwona nani? Kila nilipolazimika kuandika jina la mtu badala ya ile "a-" tupu, niligundua kwamba hapo ndipo Woolf alipobadilisha kichwa. Fanya hivyo kwa aya mbili tu. Huhitaji tafsiri nzuri. Kinachotakiwa ni orodha ya mahali ulipokwama.

Ukiwa na sikio hilo, rudi kwa Kafka uangalie mwisho wake. Muda wote tumekuwa karibu na Gregor kiasi kwamba wazazi wake ni "baba" na "mama". Anapokufa, msimulizi anaanza kuwaita Bwana Samsa na Bibi Samsa. Kichwa kilichokuwa kinawaita baba na mama hakipo tena. Katika riwaya za zamani kifo kingepewa ukurasa wa maombolezo. Hapa kimewekwa kwenye badiliko la jina, na msomaji mwenye haraka hulipita.

Hatua ya nne: hesabu -nge- na -ngali-

Hili ni zoezi jepesi. Pitia kurasa ulizosoma na uandike kila jambo ambalo mhusika hakulifanya ila analifikiria. Gregor: kama si wazazi, angalikwisha acha kazi zamani, angalimwendea bosi akamweleza yote aliyo nayo moyoni, na bosi angalianguka kutoka juu ya meza anayopenda kukalia. Clarissa: ingekuwaje kama angeolewa na Peter Walsh badala ya Richard?

Kisha soma shairi la T. S. Eliot kuhusu J. Alfred Prufrock, lililotoka katika jarida moja la Chicago mwaka huohuo wa 1915. Bwana yule anajiuliza kama athubutu kuutikisa ulimwengu, halafu kama athubutu kula pichi, na maswali yote mawili yana uzito uleule kwake. Anafikiria nywele zake zinavyopungua na suruali yake ataikunjaje. Hakuna kinachotendeka. Shairi zima ni chai ambayo hatujui kama ilinywewa.

Weka safu mbili daftarini: aliyoyatenda, na ambayo angeyatenda. Kwa shujaa wa tendi zetu, Liyongo Fumo kwa mfano, safu ya kwanza itajaa na ya pili itabaki nyeupe. Kwa mtu wa usasa ni kinyume. Anaishi upande wa -nge-, na mwandishi anauhesabu upande huo kuwa maisha halisi sawa na ule mwingine.

Hatua ya tano: fuata sauti moja vichwani mwa watu wengi

Mapema katika Mrs Dalloway gari la kifahari linapasua mlio mkubwa mtaani Bond Street. Clarissa yuko ndani ya duka la maua. Nje, kwenye kinjia, amesimama kijana asiyemjua kabisa, Septimus Warren Smith, mwanajeshi wa zamani. Wapita njia wanashangaa nani yumo ndani ya gari: malkia? waziri mkuu? Septimus anadhani njia imezibwa kwa sababu yake. Mlio ni mmoja. Baada ya muda ndege inaandika matangazo angani kwa moshi, na kila anayeinua kichwa anasoma herufi tofauti.

Chukua mojawapo ya matukio hayo mawili, andika majina ya waliopo, na mbele ya kila jina andika alichosikia au alichosoma. Hapo ndipo utaona upweke wa mjini unavyojengwa. London imejaa watu, wanagusana mabega, na kila mmoja amefungiwa katika tafsiri yake. Riwaya inaunganisha Clarissa na Septimus kwa uzi huohuo mwembamba: siku moja, mlio mmoja, saa ya Big Ben inayogonga kwa wote. Hawakutani kamwe. Clarissa anasikia habari za kifo chake jioni, karamuni, kutoka kwa wageni waliochelewa.

Septimus alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia akiwa mzima wa mwili. Rafiki yake Evans aliuawa Italia karibu na mwisho wa vita, naye akajipongeza kwa kutohisi kitu. Miaka imepita na kule kutohisi kumemgeukia. Daktari wa kwanza anasema hana ugonjwa, atafute cha kujishughulisha nacho. Wa pili, bingwa mwenye cheo, anapenda neno moja, uwiano, na dawa yake ni kumtenga na mkewe Lucrezia na kumlaza kitandani mbali. Kijana anaruka dirishani. Angalia Woolf alivyowaandika madaktari hao wawili: ndio pekee wanaojua kwa yakini mgonjwa wao ni mtu wa namna gani. Wamekwisha kumwandikia sifa.

Hatua ya sita: uliza nani hakupewa kichwa

Usisome kwa kusujudu. Clarissa anaweza kuelea katika kumbukumbu zake asubuhi nzima kwa sababu kuna Lucy, mtumishi, anayeng'arisha vyombo vya fedha nyumbani. Lucy anapewa fikra, ndiyo, kidogo. Peter Walsh amerudi kutoka India alikokuwa mtumishi wa dola, na Wahindi aliowatawala hawana hata sentensi moja ya kwao.

Na vita ile iliyomvunja Septimus ilipiganwa huku kwetu pia. Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao, kilichoitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, kilituachia majina ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Mpagazi aliyerudi kijijini kwake mwaka 1918 akakaa kimya kibarazani alikuwa na mkondo wa mawazo kama Septimus. Hakuna aliyeuandika wakati ule. Mimi kila nikisoma ukurasa wa daktari bingwa, namkumbuka mtu huyo nisiyemjua.

Hatua ya saba: rudi na daftari kwenye Kiswahili

Mtu wa aina hii aliingia riwaya ya Kiswahili kwa nguvu kupitia Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, aliyefariki Januari 2020. Soma Kichwamaji ya 1974. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anasimulia mwenyewe. Mtu aliyesoma, ambaye kijiji kinamtazama kama taa, hajui kwa nini ataendelea kuishi, na mwishoni anajiua. Wahakiki hulileta hapo neno udhanaishi, yaani falsafa inayouliza kama maisha yana maana yoyote. Neno ni sahihi, ila usiliruhusu likusomee kitabu. Fanya kwanza kazi ileile: saa, pesa, sentensi ni ya nani, -nge- ngapi.

Utaona tofauti moja kubwa. Kichwa cha Clarissa kimejaa mambo yake. Kichwa cha Kazimoto kimejaa watu: wazazi, wazee, dada, mke, na madai yao. Hakuachwa peke yake na jiji. Yuko katikati ya ukoo wake na bado hana wa kumwambia alichokisoma. Kwa maoni yangu upweke huo ni mkali kuliko wa Prufrock, na ndiyo sababu siwaamini wanaosema Kezilahabi aliiga Wazungu. Mbinu alizichukua, kama Woolf alivyochukua za wachoraji. Jeraha ni la hapa, la kijana aliyepitia shule ya wakoloni na wamisheni kisha akatakiwa arudi nyumbani akiwa yuleyule.

Baada ya Kichwamaji nenda kwenye Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba na vigumu. Ndani ya Nagona utakutana na "mimi" anayesafiri kutafuta kitu ambacho hata jina lake halieleweki. Usitafute jina lake. Soma usiku mmoja, kisha soma tena kesho yake ukiwa na penseli.

Hatua ya nane: andika, bila vivumishi

Chagua mmoja: Gregor, Clarissa, Septimus au Kazimoto. Andika ukurasa mmoja juu yake, na sharti ni moja, usitumie kivumishi chochote cha tabia. Hakuna mpole, mkatili, mwoga wala mvumilivu. Andika vitenzi: anatazama saa, anahesabu deni, anasikia mlio, anarudia neno moja, anakumbuka dirisha. Na mahali mawazo yake yanaporuka kutoka hapa kwenda pale, eleza yalirukia kwenye nini.

Kama unajiandaa na mtihani, najua mtahini bado anataka sifa zake tano. Mpe. Zitokee kwenye ukurasa huo wa vitenzi, mwishoni kabisa mwa jibu, na chini ya kila moja taja mahali ambapo kitabu kinaikataa. Gregor ni mtiifu: lakini siku ile wapangaji watatu walipochoshwa na fidla ya dada yake, alitambaa akatoka chumbani bila kuitwa na mtu.